Kreti Moja ya Zabibu Mbichi: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Shambani Mpunguzi

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, siku moja baada ya sikukuu ya Nane Nane, katika shamba la zabibu lililo upande wa Mpunguzi, kusini mwa Jiji la Dodoma, kwenye barabara ya kwenda Iringa. Wahusika ni familia ya watu tisa iliyokwenda kuchuma zabibu kwa mikono yake, mkulima mwenye shamba, na kijana mmoja anayefanya kazi hapo. Mimi ni mmoja wa wale tisa, na kwa kuwa ndiye niliyepanga safari, sehemu ya lawama ni yangu. Majina ya watu nimeyaacha, kwa sababu hakuna aliyekusudia ubaya, na kwa sababu jambo kama hili linaweza kutokea katika shamba lolote linalowaruhusu wageni kuchuma wenyewe.

Tulitoka shambani na kilo 23 za zabibu. Kati ya hizo, kilo 9, yaani kreti moja kamili, zilikuwa hazijaiva na zisingeiva tena. Mkulima alipoteza mazao ambayo wiki tatu baadaye yangekuwa bora, sisi tulilipia kitu kisicholika, na watu wazima waliosalimiana kwa furaha asubuhi waliagana mchana bila kutazamana vizuri usoni. Nimeona niliandike jambo hili kwa kirefu kwa sababu, kila nikilirudia, naona kwamba ujuzi wa kuzuia hasara ile ulikuwepo shambani tangu mwanzo. Watu watatu walikuwa nao, na wote watatu walinyamaza.

Kisa chenyewe

Mama mkwe wangu alikuja Dodoma kutoka Morogoro kwa treni ya umeme, akifuatana na shemeji yangu na watoto wake watatu. Ukijumlisha na mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, tulikuwa watu wazima wanne na watoto watano. Siku ya Nane Nane tulizunguka viwanja vya Nzuguni, na huko, kwenye vipando vya maonyesho, watoto waliona kwa mara ya kwanza mizabibu iliyotambazwa juu ya nyaya huku vichala vikining'inia chini ya majani. Jioni ile hawakuzungumza kitu kingine. Nilimpigia simu mkulima ambaye nimekuwa nikinunua zabibu kwake kwa misimu kadhaa, naye akasema tuje kesho yake asubuhi na mapema, kabla jua halijakolea.

Masharti aliyonieleza kwenye simu yalikuwa wazi. Kiingilio kilikuwa shilingi 5,000 kwa mtu mzima na 2,000 kwa mtoto, na kiingilio hicho kilihusisha kuonja tukiwa shambani. Zabibu za kubeba zingepimwa kwenye mizani kwa shilingi 4,000 kwa kilo. Nilimweleza mke wangu. Hakuna aliyemweleza Mama, kwa kuwa sikuona kama masuala ya bei ni ya kumsumbua nayo mgeni na mkwe.

Tulifika saa mbili na nusu. Upepo wa Agosti ulikuwa bado na ubaridi, na vumbi la njiani lilikuwa limetulia. Mkulima alitupokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", akawafundisha watoto namna ya kuitikia, kisha akatugawia mikasi minne ya kupogolea na kreti nne za plastiki. Maelezo aliyotoa yalikuwa sentensi moja: tujisikie nyumbani, tuchume tunachopenda, kijana atatuongoza. Upande wa pili wa shamba kulikuwa na kenta inayopakia mzigo wa mnunuzi, na alilazimika kwenda kusimamia.

Mistari ya mbele ilikuwa imeiva vizuri, na watoto walikula zaidi ya walivyochuma, jambo ambalo kiingilio kilikuwa kimeshalipia. Tatizo lilianzia katika mistari ya nyuma, ambayo ilipogolewa baadaye na kwa hiyo ilikuwa nyuma kwa wiki kadhaa. Mama alisimama mbele ya kichala kimoja kikubwa, akakiweka kiganjani bila kukikata, akabonyeza punje moja kwa dole gumba. Ilikuwa ngumu. Upande ulioelekea jua ulikuwa mwekundu uliokoza, upande wa kivulini ulikuwa bado na rangi ya kijani iliyofifia, na kikonyo kilikuwa kibichi kabisa, laini kama bua la mchicha. Akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia: "Hizi ndizo za kusafiri. Zile laini zitafika Morogoro zimekuwa uji. Hizi zimekomaa, tutazivundika, na Jumatano watu watakula."

Akakata. Watoto wote watano walihamia upande wake mara moja, kwa sababu bibi yao ni mkulima na wanajua hivyo. Kijana wa shamba alikuwa amesimama na kreti mkononi. Alikitazama kile kichala, akamtazama Mama, kisha akanitazama mimi. Nilielewa alichokuwa akiuliza. Niligeuza uso nikaanza kukagua namna nyaya zilivyofungwa kwenye nguzo.

Kwenye mizani, chini ya mwarobaini, mkulima alipima kreti za kwanza kwa furaha. Alipofika kwenye ile ya Mama aliinua kichala, akatia punje moja mdomoni, akanyamaza. Kisha akaiweka ile kreti pembeni.

"Mama, hizi zimechumwa na nani?"

"Mimi, baba."

"Hizi haziivi tena, Mama."

"Zimekomaa hizi. Nitazivundika."

"Zabibu haivundikwi, Mama. Ukishaikata, basi."

Mama hakujibu, akaonekana kuwa haamini. Shemeji yangu ndiye aliyejibu kwa niaba yake, na hoja yake ilikuwa na uzito: hatukuambiwa, na kijana wa shamba alikuwa amesimama pale pale akituangalia tukikata, hivyo haikuwa haki kututoza bei kamili kwa kitu ambacho mwenye shamba mwenyewe anakiri hakifai. Hoja ya mkulima nayo ilikuwa na uzito: kila familia ikikata kreti moja mbichi kisha ikapunguziwa bei, msimu utaisha kabla haujaanza. Baada ya majadiliano ambayo watoto waliyasikia yote, tulikubaliana nusu bei kwa zile mbichi. Kilo 14 kwa 4,000 zilikuwa shilingi 56,000, na kilo 9 kwa 2,000 zilikuwa 18,000; jumla shilingi 74,000, mbali na kiingilio cha 30,000. Tukalipa, tukashukuru, tukaondoka. Ndani ya gari hakuna aliyezungumza hadi tulipoanza kuziona nyumba za mjini.

Kukomaa na kuiva

Ni rahisi kusema kwamba Mama alikosea kwa kutojua. Sikubaliani na maelezo hayo, na ningependa msomaji nami tuyaweke kando mapema, kwa sababu yanaficha kiini cha kisa. Mama amelima ndizi na maembe upande wa Matombo, chini ya milima ya Uluguru, kwa zaidi ya miaka arobaini. Anajua mkungu uliokomaa kwa kuangalia pembe za ndizi zinavyojaa, na anajua embe la kukatwa leo ili liliwe Dar es Salaam baada ya siku tano. Alichofanya Mpunguzi ni kile kile kilichomlisha yeye na watoto wake: kutofautisha tunda lililokomaa na tunda lililoiva, na kuchagua lililokomaa kwa ajili ya safari.

Kiswahili chenyewe kina tofauti hiyo. Kukomaa ni kufikia ukubwa na ugumu wake. Kuiva ni kuwa tayari kuliwa. Kati ya hatua hizo mbili ndipo biashara nzima ya ndizi inapoishi, na neno kuvundika lipo kwa ajili ya pengo hilo. Ndizi iliyokomaa imebeba wanga mwingi ndani yake. Inapokatwa, inaendelea kufanya kazi peke yake: wanga hugeuka sukari, ganda hubadilika rangi, na tunda hutoa gesi iitwayo ethilini ambayo huharakisha kazi hiyo. Anayefukia ndizi shimoni au kuzifunika ndani ya gunia huizuia gesi hiyo isipotee, na ndiyo sababu ndizi moja mbivu ikiwekwa katikati ya mbichi huziivisha. Embe, papai, parachichi, fenesi na nyanya hufuata njia hiyo hiyo. Kwa mtu aliyekulia kwenye matunda haya, kuvundika ni tabia ya matunda yote, kwa kuwa hajawahi kukutana na tunda linalokataa.

Zabibu inakataa. Punje ya zabibu haina akiba ya wanga ya kugeuza. Sukari yake yote hutengenezwa na majani na kupitishwa kwenye kikonyo siku baada ya siku, huku ukali wa tindikali ukipungua polepole. Siku kichala kinapokatwa, mfereji huo hufungwa na hesabu hufungwa nao. Kilichomo ndani ya punje saa ile ya mkasi ndicho kitakacholiwa, na mabadiliko yanayobaki ni ya kuharibika: kunyauka, kulainika na kuota ukungu. Kwa zabibu, kukomaa na kuiva hukutana siku moja, na siku hiyo ni lazima kichala kiwe bado mtini. Nanasi na chungwa nayo yako kundi hili, ingawa watu wengi hulaza nanasi siku tatu nne wakidhani linaongeza utamu, kumbe linabadilika rangi na kulainika tu.

Kulikuwa pia na mtego wa rangi. Zabibu nyekundu na nyeusi huanza kubadilika rangi wiki kadhaa kabla ya kuiva, na hapo ndipo sukari inapoanza kupanda kwa kasi; rangi hutangulia utamu kwa umbali mkubwa. Kwa anayetazama kwa mbali, kichala chekundu ni kichala kilichoiva. Dalili za kweli ziko kwingine. Kikonyo kikuu huanza kukakamaa na kuwa cha kahawia. Mbegu, ukipasua punje, huwa zimeacha ukijani na kuwa za kahawia. Punje hubonyea kidogo bila kupasuka. Na iliyo rahisi kuliko zote ni kuonja punje ya ncha ya chini ya kichala, kwa kuwa aghalabu hiyo ndiyo huiva mwisho. Ikiwa ya ncha ni tamu, kichala kizima ni kitamu. Kile kichala cha Mama kilikuwa na dalili zote za kukataa isipokuwa rangi. Kikonyo kibichi kilikuwa mbele ya macho yetu sote.

Lazima pia izingatiwe kwamba ilikuwa Agosti. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na mavuno hayaji yenyewe kwa kufuata mvua, bali huitwa kwa kupogoa. Mstari uliopogolewa mapema huiva mapema, na uliopogolewa baadaye huchelewa, kiasi kwamba mwanzoni mwa msimu shamba moja huwa na mistari iliyo tayari na mistari isiyo tayari, ikitenganishwa na hatua chache tu na bila alama yoyote. Mkulima anaijua mipaka hiyo kama anavyoijua mipaka ya uwanja wa nyumbani kwake. Mgeni anaona bustani moja.

Walionyamaza

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo hasa lililoleta hasara.

Kijana alijua. Nilimuuliza baadaye nikiwa peke yangu naye, akanijibu kwa upole kwamba aliona tangu kichala cha kwanza. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwa swali: "Ningemwambiaje bibi wa watu mbele ya wajukuu zake?" Kijana yule ana umri wa miaka ishirini na kidogo. Alikuwa ameshamsalimia Mama "shikamoo" huku ameinama, na Mama alikuwa ameshamwitikia "marahaba, mjukuu wangu". Kwa salamu hiyo uhusiano wao ulikuwa umekwisha kupangwa: mmoja ni mfundishaji na mwingine ni mfundishwaji. Kumkatiza mtu wa umri ule katikati ya kazi anayoifanya kwa kujiamini, mbele ya watoto watano wanaomtazama kama mwalimu, kungekuwa utovu wa adabu ambao mama yake mwenyewe angemkemea kwao. Simlaumu.

Mkulima alijua kuliko sisi sote, lakini hakuwepo. Alikuwa ameikabidhi kazi ya kuongoza wageni kwa mtu mwenye ujuzi bila kumkabidhi nafasi ya kuutumia. Hili ni kosa la kupanga kazi, wala si la ubahili wala dharau, na nadhani mashamba mengi yanayopokea wageni yatalifanya, kwa sababu mwenye shamba humwona kijana wake kama mtu anayejua zabibu, akasahau kwamba wageni watamwona kama mtoto.

Wa tatu ni mimi. Nimeishi Dodoma tangu 2018, na nilikuwa nimeshasikia kwa wauzaji wa barabarani kwamba zabibu haivundikwi. Sikuwa na uhakika wa sababu zake, lakini nilikuwa na uhakika wa kutosha kusema "Mama, hebu tumuulize mwenye shamba kwanza". Sikusema. Anayejua maana ya ukwe hatahitaji maelezo marefu. Mama mkwe si mtu unayembishia, na kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, uzito wake ni mkubwa zaidi. Hata hivyo nimejiuliza mara nyingi kama ile kweli ilikuwa heshima. Heshima ingemkinga Mama asifike kwenye mizani na kuambiwa mbele ya familia yake yote kwamba kazi yake ya saa nzima haifai. Kunyamaza kwangu kulinisaidia mimi kuepuka dakika moja ya wasiwasi, na kukamhamishia yeye aibu kubwa mara kumi.

Kwa hiyo, nikiulizwa kisa hiki kinahusu nini, nitajibu kwamba kinahusu mahali na wakati wa kusema. Maneno yale yale, "zabibu haivundikwi", yana uzito tofauti kabisa yanaposemwa langoni kwa watu wote kabla mkasi haujagawiwa, yanaposemwa mstarini kwa mzee aliyekwisha kukata, na yanaposemwa kwenye mizani. Langoni ni maelezo. Mstarini ni masahihisho. Kwenye mizani ni hukumu. Mkulima angetumia dakika tano langoni, akiwa yeye mwenyewe, mtu wa makamo na mwenye mali, hakuna heshima ya mtu yeyote ambayo ingeguswa.

Tena yapo yanayofaa kuliko maneno. Angeweza kumpa Mama punje mbili, moja kutoka mistari ya mbele na nyingine kutoka mistari ya nyuma, zote nyekundu, akamwomba aonje. Mkulima hahitaji kufundishwa na mkulima mwenzake, anahitaji kuonjeshwa. Ninamjua Mama: angetema ile ya pili, angekitazama kikonyo, angeuliza maswali matatu, na kuanzia hapo yeye mwenyewe ndiye angewazuia watoto wasiguse mistari ya nyuma. Mamlaka ile ile iliyotuletea kreti mbichi ingekuwa ulinzi wa shamba.

Mizani na bei

Kuhusu fedha nina machache. Masharti yalikuwa ya haki na yalisemwa, ila yalisemwa kwa mtu mmoja kwenye simu. Mama amezoea kuuza ndizi kwa mkungu na maembe kwa tenga. Kilo ni kipimo cha dukani kwake, wala hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba kila kichala anachokata kinaandika deni. Mizani ingekaa langoni badala ya kukaa mwisho, na mtoto mmoja akaombwa apime kichala kimoja kabla ya kuingia, kila mtu angeelewa kwa macho kwamba vichala viwili vitatu vikubwa vinaweza kufika kilo moja.

Kuhusu ile nusu bei, nilifurahi siku ile na leo sifurahi. Hoja ya shemeji yangu ilikuwa sahihi kwamba shamba lilishindwa kutuongoza. Lakini kichala kikishakatwa, mwenye kupoteza ni mkulima peke yake, na hasara yake haikuwa ya siku ile bali ya bei ambayo kichala kingepata mwishoni mwa Agosti. Wakulima wengi wa zabibu Dodoma hutegemea viwanda vya mvinyo, ambako bei ya kilo huwa chini sana kuliko ya zabibu za mezani, na mzigo ukijaa kwa wakati mmoja hubaki ukiharibika shambani. Familia inayokuja kuchuma na kulipa taslimu ni nafuu ya kweli kwao. Kama ziara moja inamwachia mkulima kreti iliyonunuliwa nusu bei na moyo mzito, atafunga lango, na watoto wa mjini watarudi kuzijua zabibu kwenye vikapu vya barabarani tu.

Kilichofuata

Mama alirudi Morogoro Jumapili, akaichukua ile kreti licha ya yote. Alifanya kama alivyosema. Alizipanga zabibu ndani ya gunia pamoja na ndizi mbili zilizoanza kuiva, akafunika kwa majani makavu ya mgomba, akaliweka gunia pembeni mwa jiko penye joto. Alhamisi alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo si la kawaida kati yetu, maana kwa kawaida ujumbe wake hupitia kwa binti yake.

Aliniambia kwamba ndizi zimeiva vizuri. Zabibu zilikuwa zimekunjamana kama ngozi ya kiganja kilicholowa maji siku nzima, vichala viwili vilikuwa na ukungu wa kijivu katikati, na ladha ilikuwa ile ile ya siku ya kwanza, kali kama ndimu. Zile ambazo hazikuwa na ukungu alikuwa amezichemsha kwa sukari nyingi, na kwa mshangao wake zilishikana vizuri zikawa jamu nzuri nyekundu. Zabibu mbichi zina ile gundi asilia inayoshikisha jamu, zaidi ya zilizoiva. Kisha akauliza swali lililonifanya nikae kitako: yule baba alitupunguzia kiasi gani? Nikamwambia, shilingi 18,000. Akasema nimpelekee, na kwamba atanirudishia. Nilimwambia kwamba yalikwisha kwa makubaliano. Alinijibu kwamba mtu akikukatia mkungu wako kabla haujakomaa, hata akikulipa nusu, bado amekukatia.

Nilirudi Mpunguzi Jumamosi iliyofuata. Mkulima alinisikiliza hadi mwisho, akacheka kwa furaha aliposikia habari ya jamu, akaniuliza Mama alitumia sukari kiasi gani. Nilikuta meza ya mizani imehamishiwa langoni. Mistari ya nyuma ilikuwa imezungushiwa kamba ya katani yenye vitambaa vyekundu, na juu ya meza palikuwa na sahani mbili ndogo zenye punje za zabibu, ambazo zilionekana kufanana kabisa. Kijana alikuwa anaongea na familia ya watu sita, miongoni mwao mzee mwenye bakora. Alimpa mzee punje kutoka sahani ya kwanza, kisha kutoka sahani ya pili, akanyamaza akisubiri. Mzee alikunja uso, akawageukia watu wake na kuwaambia wasiguse kule kwenye kamba.

Nilimweleza kijana salamu za Mama, kwamba anakuja mavuno ya Machi, na kwamba siku hiyo anamtaka asimame karibu naye na amwambie. Aliitikia kwa kuinamisha kichwa. Mkulima hakutaka kupokea zile 18,000, nami sikukubali kuondoka nazo, hadi nilipomweleza kwamba si zangu za kuamua. Akafungua daftari lake, akatafuta ukurasa wa tarehe 9, na pembeni ya mstari wetu akaandika kwa kalamu ya bluu: kilo 9, bei kamili.